Mtulinga: Panapouma na Pasipouma

Mwezi huu zimefika barua tatu zinazohusu mfupa ule ule, nami nimeona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ina mambo mengi ndani yake. Mbili za mwisho zinajibika kwa ufupi.

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Bombo. Kazi yangu ni kusuka vikapu na mikeka, na kila alfajiri hubeba maji kutoka bombani kwa jerikeni ya lita 20, nikiishika kwa mkono wa kushoto. Kwa muda wa wiki tatu sasa nina maumivu mahali pamoja tu, upande huo huo wa kushoto, chini kidogo ya ule mfupa unaotoka kooni kwenda begani. Nisipopagusa sipasikii sana, lakini nikipabonyeza kwa kidole panauma kama jeraha, na usiku nikilalia upande huo huamka. Sina homa wala sikohoi. Jirani yangu anasema maradhi ya mahali hapo ni saratani. Mama mkwe anataka nikachanjwe na kupakwa dawa ya kienyeji. Mwenye duka la dawa amekwisha kuniuzia vidonge vya amoksilini mara mbili. Ni nini kinachoweza kuuma hapo, nami nifanye nini?
Msomaji, Bombo

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Katika barua yako yote, neno lililonisaidia zaidi ni hilo la kubonyeza. Maumivu yanayoitikia kidole, yaani yanayozidi pale pale unapobonyeza na kutulia unapoachia, mara nyingi hutoka katika kitu kilicho karibu na ngozi: msuli, gegedu (ile sehemu ngumu kidogo inayopindika, kama ya sikio), kiungo, mfupa wenyewe, au tezi iliyovimba kwa maambukizi. Maumivu ya moyo kwa kawaida hayana tabia hiyo; hayo hukandamiza kifua kwa upana, huja mtu anapopanda mlima au anapobeba mzigo, na mgonjwa huyaonyesha kwa kiganja kizima wala si kwa ncha ya kidole. Siwezi kukupima kwa barua, lakini naweza kukueleza jinsi ya kupasoma mahali hapo, kwa sababu katika sehemu hii ya mwili upana wa vidole viwili, juu au chini, hubadili kabisa maana ya dalili.

Mfupa unaousema huitwa mtulinga. Wengi hapa kwetu Uganda hawalitumii jina hilo, husema tu mfupa wa bega, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa kuwa bega lina mifupa mitatu. Mtulinga umelala kwa kupindapinda mfano wa herufi S, kutoka juu ya fupa la kidari hadi kwenye ncha ya bega, na hapo kidarini ndipo mahali pekee ambapo mifupa ya mkono imeungana kwa kiungo na mifupa ya kiwiliwili. Lile fupa bapa la mgongoni limeshikwa na misuli tu. Kwa hiyo unapoinua jerikeni ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji kabla ya kuhesabu uzito wa chombo chenyewe, misuli ya shingo, ya kifua na ya bega hukaza yote kwa pamoja ili kuuzuia mtulinga usivutwe chini, na gegedu zinazopakana nao huvutwa pia. Chini ya mfupa huo umepita ubavu wa kwanza, mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Juu yake pana shimo dogo ambalo kila mtu analo, na ndani ya shimo hilo kuna tezi. Shimo hilo tutalirudia, kwa kuwa ndilo lililomtia hofu jirani yako.

Tuanze na hapo ulipopataja wewe, chini ya mfupa. Kama mahali penyewe pako karibu na katikati ya kifua, jambo la kwanza ninalolifikiria ni gegedu za mbavu. Mbavu zetu hazifiki kwenye fupa la kidari zikiwa mfupa mtupu. Zinamalizikia katika gegedu, na gegedu hizo zinaweza kuwashwa na kuuma baada ya kikohozi cha siku nyingi, baada ya kuinua vitu vizito, au baada ya mkono kurudia mwendo mmoja kwa saa nyingi. Ubavu wa pili hukutana na kidari penye kigongo kidogo unachoweza kukihisi wewe mwenyewe, upana wa vidole vitatu hivi chini ya shimo la koo. Hali hii haina hatari, lakini ni ya ukaidi: inaweza kuchukua wiki kadhaa na mara nyingine miezi kabla ya kuisha, na katika muda huo mgonjwa hushawishika kwamba ana jambo kubwa lililofichwa. Ipo pia hali inayofanana nayo ambayo mpasuaji Mjerumani Alexander Tietze aliieleza mwaka 1921, ambamo gegedu moja, mara nyingi ya ubavu wa pili au wa tatu, huvimba hadi uvimbe ukaonekana kwa macho. Nayo si saratani, na kwa kawaida hupungua yenyewe.

Kama maumivu yako yako mbali zaidi, kuelekea kwapani, basi msuli mpana wa kifua ndio wa kushukiwa. Msusi wa vikapu huinama, huvuta na hukaza, tena huvuta na hukaza, mabega yakiwa yamekunjwa mbele tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jiangalie unapofanya kazi: je, maumivu huamka unapovuta kwa nguvu, au unapouleta mkono wa kushoto mbele ya kifua dhidi ya kizuizi kama vile ukingo wa mlango? Kama ndivyo, msuli umekujibu.

Lakini kabla ya kufika mbali, fanya jambo dogo ambalo wagonjwa wengi husahau. Bonyeza mahali hapo hapo upande wa kulia, kwa nguvu ile ile. Eneo hili lina sehemu ambazo kwa watu wazima wenye afya huuma kidogo zikibonyezwa, na si mara moja nimeona mtu aliyejaa hofu akitulia alipogundua kwamba pande zote mbili ziko sawa. Jambo lingine, na hili nakuomba unisamehe nikilisema wazi: kidole chenyewe huumiza. Mtu anayepabonyeza mahali mara ishirini kwa siku ili kujua kama bado panauma, hatakosa kuona panauma.

Kuna kiungo pia. Pale mtulinga unapokutana na kidari, kando ya shimo la koo, pana kifundo ambacho kwa umri huweza kulika na kuvimba, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi na hasa upande wa mkono unaofanya kazi zaidi. Wewe bado kijana kwa hilo. Hata hivyo, kwa wasomaji wa maeneo ya wafugaji, kama Ankole na Karamoja, ningependa kuongeza kwamba maradhi ya brusela, yanayopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kushika wanyama walioharibu mimba, hupenda kukaa katika viungo, na kiungo hiki kimo miongoni mwao. Mtu mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, ambaye amepimwa malaria mara kadhaa bila kuonekana kitu, na amtajie tabibu kwamba anakunywa maziwa mabichi. Kiungo kilichovimba, chekundu, chenye joto, pamoja na homa kali, ni jambo la siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda kuna usaha ndani. Na mwenye ugonjwa wa selimundu asisubiri hata usiku upite, maana mifupa yake hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi zaidi.

Sasa lile shimo la juu. Jirani yako hakusema uongo, amekosea mahali tu. Tezi zilizo juu ya mtulinga hupokea majimaji ya mwili yanayotoka mbali: za upande wa kulia hupokea zaidi kutoka kifuani na mapafuni, na za kushoto ziko karibu na mahali ambapo mfereji mkuu wa majimaji hayo, unaopanda kutoka tumboni, unamwagia katika mshipa wa damu. Ndiyo sababu saratani ya tumbo la chakula, iliyojificha kwa miezi, inaweza kujitangaza kwa mara ya kwanza kwa kitezi kigumu juu ya mtulinga wa kushoto, jambo ambalo daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliliandika mwaka 1848 na ambalo hadi leo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa. Lakini sikiliza tofauti yake: kitezi cha namna hiyo kwa kawaida hakiumi. Ni kigumu kama kokoto, hakisogei kikisukumwa, na mgonjwa hukigundua anapooga au anapovaa mkufu. Tezi inayouma ikiguswa, laini, iliyotokea pamoja na koo au jino bovu au kidonda cha mkononi, mara nyingi inapigana tu na maambukizi na itarudi ndani. Hata chanjo iliyodungwa mkononi inaweza kuivimbisha kwa wiki kadhaa. Watu huogopa kinachouma na kukipuuza kisichouma. Katika shimo hili ningetaka iwe kinyume.

Kwetu hapa, kabla ya saratani, tezi za shingoni na za juu ya mtulinga zinatakiwa zifikiriwe kwa upande wa kifua kikuu. Kifua kikuu si cha mapafu peke yake. Kikiingia katika tezi huzivimbisha polepole, mara nyingi bila maumivu makali, zikashikamana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na zikiachwa huweza kulainika na kupasuka zikatoa usaha kwa miezi. Mtu anaweza kuwa nazo bila kukohoa hata mara moja. Mwenye virusi vya Ukimwi yumo katika hatari kubwa zaidi, na ndiyo maana tabibu akiona tezi hizo atakushauri upime, bila kukushuku lolote. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika vituo vya serikali, na tiba ya tezi kwa kawaida huchukua miezi sita.

Jambo moja zaidi kwa wanawake: nyama ya titi hupanda juu kuliko wengi wanavyodhani, hufika karibu na mtulinga na kupenya hadi kwapani. Basi unapojichunguza, usiishie kwenye duara la titi. Pitisha vidole vilivyolala, si ncha zake, kutoka mtulinga hadi chini, kisha kwapani.

Je, maumivu hayo yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, ule unaoitwa kisipi kwa Kiganda? Huanza kwa ngozi kuwaka upande mmoja, na malengelenge hufuata baada ya siku chache. Wiki tatu bila malengelenge zinatosha kuuweka kando.

Sasa nifike kwa mama mkwe. Mpe heshima yake yote, lakini wembe usiupokee. Mkato juu ya gegedu inayouma hautoi kitu, kwa kuwa ndani hamna uchafu wa kutoka. Unaloweza kupata ni maambukizi, na wembe uliotumiwa kwa watu wengi unaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Isitoshe, vidonda vya kuchanjwa huvimbisha tezi za jirani, na tabibu atakayekuona baadaye atashindwa kujua ni tezi ipi ilivimba kwa ugonjwa na ipi kwa wembe. Kuhusu amoksilini, dozi mbili bila kipimo ni fedha iliyopotea. Dawa hiyo hupambana na bakteria; haina kazi kwa msuli uliochoka wala gegedu iliyowashwa, na kifua kikuu hakitibiki kwayo.

Nifanyeje, umeuliza. Kwa wiki mbili zijazo jaza jerikeni nusu, ubebe mara mbili, na ubadilishe mkono kila safari. Kama yupo kijana nyumbani, huu ndio wakati wake. Unaposuka, keti penye kiegemeo, na inuka kila baada ya nusu saa uvute mabega nyuma. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa hapo kwa dakika 15 jioni, huwasaidia wengi. Parasetamoli inatosha kwa maumivu ya kadiri hii: vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku, na uache saa sita kati ya dozi na dozi. Diklofenaki na aibuprofeni hufanya kazi vizuri kwa gegedu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wasizimeze kwa ushauri wa duka.

Maumivu yakipungua, ingawa polepole, tulia. Yasipopungua baada ya wiki hizo mbili, au ukiona uvimbe, nenda katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne, na umwombe tabibu akuguse: mtulinga kutoka ncha hadi ncha, shimo la juu pande zote mbili, kwapa na matiti. Uchunguzi wa mikono wa dakika tano hapo una thamani kuliko karatasi nyingi za maabara. Akishuku kitu ndipo picha ya eksirei ya kifua itakapohitajika, na tezi ngumu itachukuliwa chembe kwa sindano ili zitazamwe kwa hadubini. Ikithibitika kuwa ni saratani, utapelekwa kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, ambayo imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu mwaka 1967. Kitezi kigumu kisichouma juu ya mtulinga, kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, au sauti iliyokauka kwa wiki tatu, havingoji wiki zozote mbili.

Na yapo ya kukimbilia hospitali saa ile ile, usiku au mchana: kifua kinachokandamizwa pamoja na jasho na pumzi kuwa fupi, mkono mzima unaovimba na kubadilika rangi ghafula, kwa kuwa huenda damu imeganda katika mshipa upitao chini ya mtulinga, na, kwa mwanamke aliyechelewa kuona siku zake, maumivu ya ncha ya bega yanayokuja pamoja na maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi ikipasuka, damu iliyomwagika tumboni huusumbua msuli wa kupumulia, na maumivu yake husikika begani, mahali ambapo hapana ugonjwa wowote na hata ukipabonyeza hapaumi.

SWALI: Mimi ni dereva wa boda boda hapa Tororo. Nilianguka miezi minne iliyopita na mtulinga wa kulia ukavunjika katikati. Nilikwenda kwa mganga wa mifupa, akanikanda na kunifunga. Sasa kuna kinundu mahali hapo na bado panauma nikishika usukani. Je, mfupa umeunga vibaya?
Dereva, Tororo

JIBU: Kinundu peke yake hakinitishi. Mfupa unapounga hujizungushia mfupa mpya kama mhunzi anavyozidisha chuma kwenye maungio, na kwa kuwa mtulinga uko chini ya ngozi tu, kila kitu kinaonekana. Kinundu hicho huweza kupungua kwa muda wa mwaka mzima au kikabaki kidogo daima bila madhara. Ulipovunjikia wewe ndipo wanapovunjikia wengi: kwa watu wazima, takriban mivunjiko minne kati ya mitano ya mtulinga hutokea katika theluthi yake ya kati. Kinachonitia shaka ni maumivu. Mtu mzima hutarajiwa kuungika kati ya wiki 6 na 12, nawe umefika miezi minne. Kupiga picha ya eksirei ndiyo njia ya kujua kama ncha mbili zimeshikana au zinasuguana, na kama hazikushikana huenda ukahitaji kupasuliwa na kuwekewa chuma. Waganga wa mifupa, ambao Waganda huwaita abayunzi, siwadharau, wapo wenye mikono mizuri; lakini kukanda mfupa ambao bado mbichi huzitenganisha ncha zilizokuwa zikitafutana. Kama unavuta sigara, acha walau mpaka mfupa ushike, kwa maana tumbaku huchelewesha uungaji. Na ikiwa vidole vinakufa ganzi au mkono umepungua nguvu, usisubiri siku ya kupumzika kazini.

SWALI: Mtoto wetu wa kwanza ana siku 10. Alizaliwa kwa shida, mabega yakakwama. Leo mama yake amegundua uvimbe mgumu katikati ya mtulinga, na mtoto hulia tukimwinua. Tumekosea nini?
Baba, Arua

JIBU: Hamkukosea. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mtulinga ulivunjika wakati wa kuzaliwa, jambo linalotokea mara kwa mara mabega yanapokwama, na uvimbe mliouona ni mfupa mpya unaounga. Kwa kawaida huanza kuhisika mwishoni mwa wiki ya kwanza au katika ya pili, ndiyo maana siku ya kwanza hamkuuona. Mfupa wa mtoto mchanga hushikana kwa muda wa wiki mbili hadi tatu bila plasta wala kufungwa kwa nguvu. Hata hivyo, mpelekeni akaonwe wiki hii, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mkono hupita hapo hapo na tabibu anapaswa kuona kama mkono na vidole vinatembea sawa pande zote mbili. Msimkande, wala msikubali akandwe na bibi yeyote kwa mafuta. Msimwinue kwa kumshika chini ya makwapa. Pitisheni mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio. Mnapomvisha, ingizeni kwanza mkono wenye maumivu katika shati, na mnapomvua, utoeni wa mwisho.